Tunalipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi: je, kuna msaada wa Serikali wa kuwafundisha wafanyakazi wetu akili unde?

Wakala wa Kurasini

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mmoja wa wamiliki wawili wa kampuni ndogo ya uwakala wa forodha iliyoko Kurasini, Dar es Salaam. Tuna wafanyakazi 12, na jambo lililonileta hapa limenikosesha usingizi kwa wiki kadhaa.

Mwezi uliopita kijana wetu wa dawati la nyaraka alipokea orodha ya vifungashio ya kontena la paneli za sola. Badala ya kufungua kitabu cha ushuru, aliibandika orodha yote kwenye programu ya akili unde (AI) iliyomo katika simu yake, akaiuliza namba ya HS, yaani namba ya kimataifa inayoitambulisha bidhaa katika ushuru, nayo ikamjibu 8541.40 pamoja na maelezo marefu yaliyonyooka kabisa. Bahati nzuri dada mmoja mwenye uzoefu alikuwa akiipitia kadhia hiyo, yaani maelezo ya mzigo tunayoyapeleka forodha, kabla haijatumwa. Alikumbuka kwamba tangu ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki wa toleo la 2022 uanze kutumika Julai mwaka huo, paneli zilizokwisha kuunganishwa zina namba yake, 8541.43, na kwamba ile ya zamani imeondolewa. Kama kadhia ile ingekwenda na namba isiyokuwepo ingerudi, kontena lingekaa bandarini, na mteja wetu angelipia siku ambazo hakuzisababisha.

Nilipowakusanya wafanyakazi na kuwauliza kwa upole, wanne walisema kwamba wanatumia programu hizo kila siku, kuandika barua za wateja, kutafsiri ankara za Kichina na kutafuta namba za ushuru. Hakuna aliyewafundisha. Siwalaumu, kwa sababu wanataka kazi iende haraka, na kwa kweli barua zao zimekuwa nzuri kuliko zamani. Ninachotaka ni wafundishwe vizuri, wajue mahali programu hizi zinaposaidia na mahali zinapodanganya.

Sasa niseme habari ya fedha. Mwaka 2024 mishahara yetu ghafi ilikuwa shilingi 9,800,000 kwa mwezi, na kwa kiwango cha asilimia 3.5 tulilipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ya shilingi 343,000 kila mwezi, ambayo kwa mwaka mzima ni shilingi 4,116,000. Mkufunzi mmoja ameniandikia bei ya shilingi 350,000 kwa mtu kwa siku mbili, nami nataka kupeleka watu sita, yaani shilingi 2,100,000. Tozo ambayo jina lake lenyewe ni ya kuendeleza ujuzi inakaribia mara mbili ya gharama hiyo, lakini sijui mlango wa kubisha hodi ili sehemu yake irudi kuwafundisha watu walewale ambao imelipwa kwa ajili ya mishahara yao.

Maswali yangu ni haya. Je, kuna dirisha lolote la Serikali ambalo mwajiri mdogo anaweza kuomba fedha au punguzo la gharama ya mafunzo ya namna hii? Je, kulipa SDL kunanipa haki yoyote ya kudai? Na kwa wale waliokwisha kufundisha wafanyakazi wao, nimdai nini mkufunzi kabla sijamlipa? Nauliza hili la mwisho kwa sababu miaka miwili iliyopita tulilipia mafunzo ya kompyuta katika ukumbi wa hoteli, watu wakatazama picha ukutani siku mbili, wakala chakula kizuri, wakarudi na vyeti, na Jumatatu hakuna hata mmoja aliyefanya kazi tofauti na alivyokuwa akifanya Ijumaa.

Mhasibu wa Ilala

Ndugu yangu, nianze na swali la SDL, kwa kuwa ndilo ninalolijibu ofisini karibu kila wiki.

Kisheria SDL haina tabia ya akiba ya mwajiri. Ni tozo inayokusanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA, pamoja na kodi ya mishahara, ikiingia si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na baada ya hapo inagawanywa: theluthi moja kwa ajili ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na sehemu kubwa iliyobaki imekuwa ikigharimia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Kwa hiyo huwezi kuandika barua TRA ukadai urudishiwe sehemu kwa sababu umefundisha watu wako. Waajiri wamelalamikia jambo hili kwa miaka mingi, na kilio chao kimesikika zaidi upande wa kiwango kuliko upande wa matumizi. Kiwango kilikuwa asilimia 6 hapo zamani, kikateremshwa hatua kwa hatua hadi 3.5 Julai 2023, na mwaka 2021 idadi ya wafanyakazi inayomfanya mwajiri aanze kulipa ilipandishwa kutoka 4 hadi 10. Punguzo ni jema, lakini anayepunguziwa tozo hapati mkufunzi.

Kuhusu dirisha la kuomba, lile lililokaribia zaidi na unachokitafuta lilikuwa Mfuko wa Kuendeleza Ujuzi uliosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, chini ya mradi wa elimu na ujuzi wa ESPJ uliopata fedha za Benki ya Dunia. Uchukuzi na TEHAMA zilikuwa miongoni mwa sekta zake sita, kwa hiyo kazi yako ingeingia kwa milango miwili. Hata hivyo ruzuku zilipitia zaidi kwa watoa mafunzo, na ofisi ya watu 12 ilifaidika pale tu ambapo chuo kiliandaa kozi inayoihusu. Nakushauri uende ofisi za TEA na za VETA kanda ya Dar es Salaam ukaulize kwa maandishi ni kozi gani fupi zilizo na ruzuku kwa sasa. Ukiuliza kwa mdomo utajibiwa kwa mdomo.

Kuna msaada mmoja ambao watu huusahau. Kwa kuwa ninyi ni kampuni, gharama ya mafunzo yanayohusu kazi yenu inatolewa katika mapato kabla ya kukokotoa kodi. Kwa kiwango cha asilimia 30, shilingi 2,100,000 zinapunguza kodi yenu kwa shilingi 630,000, mradi mwaka huo mmepata faida, na gharama halisi inabaki 1,470,000. Hakikisheni mkufunzi anatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, na mzuie asilimia 5 ya kodi ya zuio katika malipo yake, vinginevyo mkaguzi ataikataa gharama hiyo au atawadai ninyi kodi ambayo hamkuizuia. Masikitiko yangu ni kwamba nafuu hii haimfikii mwenye duka au kinyozi anayekadiriwa kwa mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, kwa sababu yeye hatoi gharama yoyote katika mapato kabla ya kukadiriwa kodi. Yule aliye mdogo kabisa ndiye anayelipia mafunzo yote kutoka mfukoni.

Neno moja la tahadhari. Wapo watakaokushauri uwaondoe watatu kwenye orodha ya mishahara ili ubaki na tisa, uepuke SDL, fedha hiyo ikafundishe waliobaki. Usifanye hivyo. Watu watatu wanapoteza hifadhi ya jamii na haki zao za kazi ili wenzao sita wajifunze programu.

Bandarini Mombasa

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Nami niko katika kazi hiyohiyo, ingawa ofisi yetu ni ya watu wanane tu, na ningependa kueleza mpango wa Kenya kwa sababu unajibu swali la ndugu wa Kurasini kwa njia tofauti kabisa.

Hapa mwajiri hulipa tozo ya mafunzo ya viwandani ya shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, bila kujali mshahara wake. Sisi wanane tunalipa 400 kwa mwezi, ambazo ni 4,800 kwa mwaka. Tozo inasimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na mwajiri ambaye hana deni la tozo anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama ya mafunzo aliyowapa watu wake. Kwa hiyo ile haki ya kudai unayoiulizia, huku ipo katika mpango wenyewe.

Lakini haki hiyo ina masharti, na ni lazima uyajue kabla ya kuitamani. Mafunzo lazima yaidhinishwe kabla hayajafanyika, na mkufunzi awe amesajiliwa na NITA. Mimi nililijua sharti la kwanza nikiwa nimechelewa. Nilipeleka watu watatu kwenye mafunzo ya usalama wa shehena, nikalipa, kisha ndipo nikaanza kuulizia fomu. Nilikosa kila kitu, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa maelezo yalikuwa wazi na sikuyasoma. Pili, kinachorudishwa hakizidi kiwango kilichoidhinishwa, na ni lazima uwe umekwisha kulipa mwenyewe. Ofisi isiyo na fedha ya kutanguliza haiwezi kuufaidi mpango huu, hata kama tozo imeilipa miaka kumi.

Kuhusu akili mnemba, kama tunavyoiita huku, Serikali ya Kenya ilizindua mkakati wake wa kitaifa Machi 2025, wa kipindi cha 2025 hadi 2030, na suala la ujuzi limo. Mimi nasubiri kuona mkakati huo ukimfikia mwajiri wa watu wanane katika sura ya fomu anayoweza kuijaza. Wakufunzi waliosajiliwa ni wengi, ila anayeijua akili mnemba na akazijua pia nyaraka za forodha, huyo bado namtafuta. Ukimpata Dar es Salaam, tafadhali nijulishe.

Mtanga wa Leeds

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi katika ofisi ndogo ya mahesabu hapa Leeds, Uingereza. Nimesoma michango ya wenzangu nikaona niongeze habari ya mpango uliolenga jambo hilihili.

Mwaka 2024 Wizara ya Sayansi, Ubunifu na Teknolojia ya hapa ilianzisha mfuko wa majaribio wa pauni milioni 6.4 kwa ajili ya kuwafundisha akili unde wafanyakazi wa biashara ndogo na za kati katika sekta ya huduma za kitaalamu na za kibiashara, sekta ambayo ofisi za mahesabu na za mawakili zimo. Serikali ilichangia nusu ya gharama, hadi pauni 10,000 kwa biashara moja, na nusu iliyobaki ikawa ya mwajiri. Maombi yalipokelewa mwezi wa Mei tu. Ofisi yetu haikuomba. Mwenye ofisi alipopata habari zilikuwa zimebaki siku chache, na ilikuwa bado hajachagua mkufunzi wala kujua anataka watu wake wajifunze nini.

Nalisema hili kwa sababu nimeona jambo moja ambalo linafanana kote, Kurasini, Mombasa na hapa: biashara ndogo haina mtu ambaye kazi yake ni kufuatilia madirisha ya ruzuku. Kampuni kubwa ina idara ya rasilimali watu inayoamka asubuhi na kusoma matangazo ya Serikali. Mwenye ofisi ya watu saba ndiye huyohuyo anayefungua mlango, anayejibu simu na anayepeleka hesabu benki. Dirisha la mwezi mmoja, hata likiwa na fedha nyingi, kwake ni kama halikufunguliwa.

Kitu kingine ambacho hakijatajwa ni saa za kazi. Mkimtoa mtu dawatini siku mbili, mshahara wake unaendelea na kazi yake inalala. Singapore wameliona hilo, na katika mipango yao ya SkillsFuture mwajiri anayepeleka mtu kwenye kozi iliyoidhinishwa amekuwa akifidiwa sehemu ya mshahara kwa saa ambazo mfanyakazi yuko darasani, dola 4.50 za Singapore kwa saa, mbali na ruzuku ya ada yenyewe. Si fedha nyingi kwa maisha ya kule, lakini ni kukiri kwamba ada ni sehemu tu ya gharama. Ndugu wa Kurasini, katika hesabu yako ya 2,100,000 umeweka siku kumi na mbili za kazi zitakazopotea?

Mwalimu wa Ufundi, Morogoro

Nafundisha katika chuo cha ufundi stadi na nimekuwa nikiandaa kozi fupi kwa ajili ya watu walioko makazini, kwa hiyo nitajikita kwenye swali la tatu, ambalo naona ndilo linaloamua kama fedha yoyote, ya Serikali au ya kwako, itakuwa imetumika au imepotea.

Kabla ya yote, nirudi kwenye tukio lako la paneli za sola, kwa sababu kuna jambo la pili ndani yake ambalo hukulitaja. Ile orodha ya vifungashio aliyoibandika kijana wako ilikuwa na jina la mteja? Namba ya simu? Namba ya mlipakodi? Kama ndiyo, taarifa za mteja wako zimekwenda kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo bila yeye kujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023 na ina Tume yake. Namba ya HS iliyokosewa unaweza kuisahihisha kesho asubuhi, lakini taarifa iliyokwisha kutoka huwezi kuirudisha. Ndiyo maana somo langu la kwanza siku zote huwa ni kufuta: mwanafunzi anapewa ankara halisi na kalamu nyeusi, na hagusi kompyuta mpaka amefuta kila kitu kinachomtambulisha mtu.

Sasa, mkufunzi. Mpe nyaraka za kadhia ishirini ulizokwisha kuzifunga mwaka jana, zikiwa zimefutwa majina, ambazo majibu yake sahihi unayajua kwa sababu forodha ilizipokea na mizigo ikatoka. Mwambie mafunzo yatafanywa kwa hizo na si kwa mifano yake. Kila mfanyakazi aiulize programu namba ya ushuru ya kila bidhaa, kisha afungue kitabu cha ushuru atafute mwenyewe, na aandike pembeni mahali walipotofautiana na kwa nini. Mimi huwataka wanafunzi waandike kwa mkono. Wakifika kadhia ya kumi wanaanza kuona mpangilio: programu inasema vizuri juu ya bidhaa za kawaida, inayumba kwenye bidhaa ambazo namba zake zimebadilika, na inapoyumba haipunguzi ujasiri wa sauti yake. Mtu aliyeliona hilo kwa macho yake kwenye kadhia aliyoifunga mwenyewe hahitaji kuonywa tena. Mkufunzi akikataa kufundisha kwa nyaraka zako, au akisema hana muda wa kuzisoma kabla, usimlipe.

Kuhusu msaada wa Serikali, napendekeza muufuate kama chama na si kama kampuni moja. Fani yenu tayari ina mfano. Kile cheti cha kikanda cha mawakala wa forodha, EACFFPC, kinaendeshwa na mamlaka za mapato kwa pamoja na vyama vya mawakala, na hapa kwetu kinafundishwa na Chuo cha Kodi. Yaani Serikali na sekta yenu wamekwisha kukaa meza moja wakakubaliana nini kifundishwe na nani afundishe. Kuongeza moduli fupi ya akili unde katika utaratibu uliopo ni ombi jepesi kuliko kuomba mfuko mpya. TAFFA, chama chenu cha mawakala, ndiyo yenye sauti ya kulipeleka. Chuo kama chetu hakiwezi kuandaa kozi kwa ajili ya watu sita wa kampuni moja, lakini kampuni tano zikileta watu ishirini na tano, hapo kozi inaandikika, na mtoa ruzuku yeyote anaisoma.

Nilipokuwa masomoni Ujerumani niliona njia nyingine niliyoipenda sana. Kule wizara ya uchumi inagharimia vituo vinavyoitwa Mittelstand-Digital, na wataalamu wake wa akili unde huzisaidia biashara ndogo bila malipo, wakizungumza na wenye kazi juu ya kazi yao. Mwajiri hajazi fomu ya kurudishiwa fedha, kwa sababu hakutoa fedha. Hapa kwetu SIDO, shirika la Serikali la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi mikoani na imezoea kuingia kwenye karakana za watu. Natamani siku moja mtu wa namna hiyo aingie na kwenye ofisi ya nyaraka.

Wakala wa Kurasini

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nimeyasoma majibu haya mara mbili na nimempa mwenzangu naye ayasome.

Mwalimu, umenigusa pabaya. Nimeirudia ile orodha, na ilikuwa na jina la mteja, namba yake ya simu na anwani ya ghala lake. Leo asubuhi nimempigia nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama jambo hilo litatokea tena. Nimemwambia kuwa kuanzia wiki hii hakuna waraka unaoingizwa kwenye programu yoyote kabla haujafutwa majina na kukaguliwa na mtu wa pili.

Ndugu wa Leeds, sikuwa nimezihesabu siku za kazi. Kwa hiyo nimeamua mafunzo yafanyike Jumamosi nne, kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana, hapahapa ofisini, na watakaohudhuria watalipwa saa za ziada. Dada yetu aliyeliona kosa la 8541.40 amekubali kuchagua zile kadhia ishirini, na tayari amenionyesha tatu ambazo anaamini zitamsumbua mkufunzi yeyote, mojawapo ya vipuri mchanganyiko vya pikipiki vilivyofungwa pamoja na vya baiskeli.

Nimezungumza na majirani wanne wa jengo letu, wote mawakala, wote wakiwa na wafanyakazi kati ya saba na kumi na watano. Watatu wamekubali tuandike barua moja kwa TAFFA kuomba moduli hiyo ijadiliwe na Chuo cha Kodi, na nakala tuzipeleke TEA na VETA tukiuliza kozi zenye ruzuku. Wa nne amesema atasaini akiona barua. Mhasibu, je, ni sawa tuambatanishe jumla ya SDL tuliyoilipa sote wanne mwaka 2024, au tutaonekana tunadai turudishiwe?

Mhasibu wa Ilala

Ambatanisheni, lakini iwe katika aya ya maelezo na si katika aya ya maombi. Andikeni kwamba ninyi ni walipaji wa tozo hiyo, mtaje jumla, idadi ya wafanyakazi wanaosubiri kufundishwa, na gharama ya kozi kama mlivyoandikiwa na mkufunzi. Yule wa majirani mwenye wafanyakazi saba hayumo katika SDL, kwa hiyo jumla yake isiingizwe, ila jina lake libaki kwenye barua, kwa kuwa ndiye mwenye shida kubwa kuliko ninyi. Na barua ipokelewe na kugongwa mhuri wa tarehe kabla ya Jumamosi ya kwanza, kwa sababu ile aliyoisema ndugu yetu wa Mombasa.

Bandarini Mombasa

Naomba nakala ya barua hiyo ikishakamilika, mkiwa mmeondoa majina. Nitaipeleka kwenye chama chetu huku.